KUKANDWA AU KUELEZWA? MAELEZO KUHUSU TIBA YA WATSU NA ISTILAHI ZAKE KATIKA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyotaja kazi ya mikono ya mtu mmoja juu ya mwili wa mwingine. Aliyeteguka kifundo cha mguu huchuliwa. Bi harusi husingwa kwa liwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Mwenye uchovu hubinywa mabega na kunyooshwa viungo. Vitenzi hivi havibadilishani nafasi ovyo. Kuchua hutaka mafuta au dawa na mkono unaokwenda na kurudi. Kusinga hukusudia harufu nzuri na ulaini wa ngozi kabla ya jambo lingine lolote. Kukanda ni kugandamiza, iwe kinachokandwa ni unga wa chapati au ni kiuno cha mzazi.

Makala haya yanaeleza tiba moja ambayo haikai sawasawa chini ya kitenzi chochote kati ya hivyo. Tiba hiyo huitwa Watsu. Katika Watsu mtu hulazwa chali juu ya maji ya uvuguvugu, akashikiliwa kwa mikono ya mhudumu aliyesimama majini, akachukuliwa huku na huko polepole kwa muda wa saa moja hivi. Shabaha yake ni kuilegeza misuli hadi ndani na kuituliza nafsi. Njia nyepesi ya kuitaja tiba hiyo kwa Kiswahili ni kusema kwamba mtu "anakandwa ndani ya maji". Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina hilo linapotosha, na kwamba upotoshaji huo hauishii katika maneno. Mhudumu anayeamini kuwa kazi yake ni kukanda atamtia mpokeaji wake hofu, na huenda akamwumiza, kwa sababu katika maji kukanda hakuwezekani kwa namna kunavyowezekana kitandani au mkekani.

2.0 Asili ya Watsu

Jina lenyewe limeungwa kwa vipande vya maneno mawili: neno la Kiingereza lenye maana ya maji, na neno la Kijapani shiatsu. Katika Kijapani shi ni kidole na atsu ni mgandamizo. Shiatsu basi ni tiba ya kugandamiza, na hufanyiwa chini: mpokeaji hulala juu ya godoro jembamba lililotandikwa sakafuni, na mtabibu humwegemea kwa vidole gumba, viganja, viwiko au magoti, akitumia uzito wa mwili wake kuliko nguvu za misuli. Mjapani Shizuto Masunaga (1925-1981) aliikuza aina yake iliyopata kujulikana kuwa shiatsu ya Zen. Katika aina hiyo, pamoja na kugandamiza, viungo vya mpokeaji hunyooshwa ili kufungua mikondo ambayo, kwa mujibu wa elimu ya tiba ya Mashariki ya Mbali, ndimo inamopita nguvu ya uhai. Mikondo hiyo haijathibitishwa na sayansi ya mwili, lakini kunyoosha viungo kuna athari zake hata kwa asiyeamini mikondo.

Aliyeihamisha kazi hii kutoka sakafuni hadi majini ni Mmarekani Harold Dull (1935-2019). Huenda wasomaji wa fasihi wakavutiwa kujua kwamba Dull alikuwa mshairi kabla ya kuwa mtabibu, mmoja wa kundi la washairi wa San Francisco wa miaka ya 1950 na 1960. Alijifunza shiatsu ya Zen, akafika Japani kusoma kwa Masunaga, kisha akawa akifundisha huko Harbin Hot Springs, mahali penye chemchemi za maji moto kaskazini mwa California. Mnamo mwaka 1980 alianza kuwashikilia wanafunzi wake wakielea katika kidimbwi cha maji ya uvuguvugu cha hapo, akiwafanyia minyoosho ileile aliyozoea kuifanya sakafuni. Kitabu chake kuhusu Watsu kilichapishwa mwaka 1993, wakati ambapo tiba hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya Marekani. Majengo mengi ya Harbin yaliteketea katika moto mkubwa wa nyika wa Septemba 2015, na mahali hapo pakafunguliwa tena kwa wageni mwaka 2019.

Ikumbukwe kwamba Dull hakuwa wa kwanza kutibu watu katika maji ya uvuguvugu. Tangu mwaka 1949 James McMillan alikuwa akiwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu katika shule ya Halliwick jijini London, na huko Bad Ragaz, Uswisi, wataalamu wa fiziotherapia walikuwa na mazoezi yao ya majini yanayotumia maboya ya duara. Tofauti iko katika kazi ya mgonjwa. Katika njia hizo mbili mgonjwa hujitahidi: husukuma, huvuta, hujizungusha, hutafuta mizani. Katika Watsu hatakiwi kufanya lolote, na hilo ndilo linalowashinda wengi.

3.0 Maji na Mwili

Unga hukandika kwa sababu chini yake kuna sinia au meza. Mkono unasukuma kutoka juu, sinia linakataa kutoka chini, na unga ulio katikati ndio unaopondeka. Vivyo hivyo mgongo wa mtu hukandika kwa sababu chini ya kifua chake pana mkeka, na chini ya mkeka pana sakafu. Majini hapana sinia. Mkono unaougandamiza mgongo wa mtu anayeelea haupati kinachoukatalia. Unamsukuma tu huyo mtu pembeni au unamzamisha. Na mtu anayehisi kuzama hukaza shingo, hushika pumzi na hukunja vidole, yaani hufanya kinyume cha yote yaliyokusudiwa.

Ni nini basi kinachofanya kazi pale ambapo mgandamizo umeondolewa? Kwanza ni kupungua kwa uzito. Mtu aliyesimama katika maji yanayomfika shingoni huibebesha miguu yake takriban sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake wa nchi kavu. Misuli ya mgongo na ya shingo, ambayo mchana kutwa hufanya kazi ya kumsimamisha mtu bila yeye kujua, hupunguziwa mzigo huo. Kitandani pia mtu hupumzika, lakini kitanda humkatalia mahali pachache: kisogo, mabega, makalio, visigino. Maji humbeba kila mahali yanapomgusa.

Hata hivyo, mwili hauelei kwa usawa. Hewa iliyomo mapafuni hukifanya kifua kuwa chepesi, ilhali nyonga na mapaja ni mazito. Kwa hiyo mtu akiachwa chali bila kushikwa, miguu yake huanza kuzama taratibu na kuvuta mwili wote usimame wima. Hapo mithali ya wahenga, ukiona vyaelea vimeundwa, huwa na maana iliyo karibu sana na maneno yake. Utulivu anaouona mtazamaji wa ukingoni umeundwa na mikono miwili: mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya mfupa wa kiunoni. Wenye miguu mizito zaidi hufungwa maboya mepesi juu ya magoti.

Jambo la pili ni joto. Maji hupitisha joto kwa kasi iliyo takriban mara 25 ya ile ya hewa. Ndiyo maana hewa ya nyuzi 26 za sentigredi ni ya kupendeza, lakini maji ya nyuzi hizohizo humtia kibaridi mtu asiyejongea. Kwa Watsu hutakiwa maji ya nyuzi 35 hivi, ambazo zinakaribiana na joto la ngozi yenyewe. Katika maji hayo mwili haupotezi joto kwa haraka wala haulimbikizi joto. Baada ya dakika kadhaa wapokeaji wengi husema kwamba hawatambui tena ngozi yao inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Maji yakizidi nyuzi 37 au 38 mambo hubadilika: jasho haliwezi kukauka na kuupoza mwili uliozama, moyo huanza kwenda mbio, na mhudumu, ambaye ndiye anayefanya kazi, huchoka kabla ya mpokeaji.

Hutajwa pia kanieneo la maji, ambalo huisukuma damu ya miguuni irudi kifuani na kuzichochea figo kutoa mkojo zaidi. Hilo ni kweli kwa mtu aliyesimama akiwa amezama hadi shingoni. Kwa aliyelala usoni mwa maji kanieneo hilo ni dogo mno, maana kina kilicho juu ya mwili wake karibu hakipo. Wanaoieleza Watsu wasiyahamishe matokeo ya hali moja kuyapeleka katika hali nyingine, kama inavyotokea mara kwa mara.

4.0 Mwenendo wa Kikao

Kikao huanzia ukutani. Mpokeaji husimama akiegemea ukuta wa kidimbwi, maji yakimfika kifuani, na mhudumu humwuliza kuhusu maradhi, maumivu, hofu ya maji na sehemu asizopenda kuguswa. Kisha mpokeaji hufumba macho. Mhudumu humtia mkono chini ya kisogo, mwingine chini ya kiuno, na miguu ya mpokeaji hupanda yenyewe inapokuwa tayari. Masikio huingia majini, na sauti za nje hufifia; kinachobaki kusikika ni pumzi.

Kwa dakika kadhaa za mwanzo jicho la mtazamaji haliwezi kuona kinachofanyika. Mhudumu amesimama, miguu ameitanua, magoti ameyakunja, naye anapumua kwa kufuata pumzi ya mwenziwe. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni nusu lita ya hewa hivi. Kwa kuwa hewa hiyo hukipanua kifua na kusukuma maji ya ujazo uleule, kila anapovuta pumzi mwili hupata wepesi wa nusu kilo na kupanda kidogo, anapoitoa, hushuka. Mhudumu haongezi kitu. Anaacha mikono yake ipande na kushuka pamoja na mwili ule, na akiwa na papara ya kuanza minyoosho kabla pumzi mbili hazijakubaliana, kikao kizima hukosa msingi. Hapana sehemu ya mafunzo iliyo ngumu kuliko hii, kwani mwanafunzi huhisi kwamba amesimama bure.

Baada ya hapo ndipo mwendo huongezeka. Magoti ya mpokeaji hukunjwa kuelekea kifuani anapotoa pumzi na kuachiwa anapoivuta, mwili ukikunjuka na kukunjika. Kisha mguu mmoja huzungushwa kutoka nyongani, halafu wa pili. Kisha mwili wote huchukuliwa kwa upinde kutoka upande huu hadi upande ule, kichwa kikitangulia na miguu ikifuata nyuma kama majani ya mwani. Ni katika kufuata huku kwa miguu ndimo unyoosho ulimo. Mhudumu hauvuti mguu. Maji ndiyo yanayouzuia usiende haraka kama kiwiliwili, na kutokana na kucheleweshwa huko uti wa mgongo hupata kurefushwa bila mkono wowote kuulazimisha. Sakafuni Dull alilazimika kushika ncha mbili za kiungo ili akinyooshe. Majini alishika moja, na ya pili ikashikwa na maji.

Mgandamizo wa shiatsu haukutoweka kabisa. Zipo nukta za mabegani, mgongoni na nyayoni ambazo mhudumu huzigusa kwa kidole. Lakini aghalabu kidole hukaa mahali pake na mwili ndio unaokijia, kwa kushuka kwa pumzi au kwa kurudi kutoka kwenye upinde. Na hata hapo, mgandamizo ni kama chumvi katika chakula: kikao chaweza kukamilika bila ya huo, ila hakiwezi kukamilika bila ya kuegemeza.

Mwisho mpokeaji hurudishwa ukutani, mgongo wake huegemezwa, nyayo zake hushushwa hadi zikanyage sakafu, na mhudumu humwondolea mikono, mmoja baada ya mwingine, akarudi nyuma hatua moja au mbili bila kusema neno. Wengine husimama hapo dakika nyingi kabla ya kufumbua macho. Uzito wa mwili unaporejea hushangaza, na wapo wanaoyumba. Kwa sababu hiyo mhudumu hatoki majini wala haangalii pembeni.

5.0 Matokeo na Tahadhari

Mwaka 2020 watafiti waliokuwa na makao Uswisi walichapisha katika jarida la PLoS ONE mapitio ya kazi 27 zilizochunguza Watsu. Mapitio hayo yaliona dalili za kupungua kwa maumivu, kuongezeka kwa wepesi wa viungo na kupungua kwa msongo wa mawazo katika hali mbalimbali, zikiwamo ujauzito wa miezi ya mwisho, maumivu ya muda mrefu na ukakamavu wa misuli utokanao na maradhi ya ubongo. Dalili hizo zinatia moyo, lakini zipimwe kwa uzito wake. Nyingi ya kazi hizo zilikuwa na watu wachache, na hapana namna ya kumficha mpokeaji kwamba yumo majini, kama vile kidonge bandia kinavyoweza kufichwa miongoni mwa vidonge halisi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa ni kiasi gani cha nafuu kinatokana na maji, kiasi gani na mikono, na kiasi gani na saa moja ya kushughulikiwa na mtu asiye na haraka. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Watsu hupunguza ukaidi wa misuli na huleta utulivu. Haiponyi maradhi yaliyousababisha ukaidi huo, wala haishiki nafasi ya daktari.

Wapo wasiofaa kuingizwa majini: mwenye homa, mwenye kidonda kibichi au maradhi ya kuambukiza, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye udhaifu mkubwa wa moyo, aliyetoboka kiwambo cha sikio bila kinga, na aliyeumia shingo isiyo imara.

Tahadhari nyingine haihusu maradhi. Mpokeaji amefumba macho, masikio yake yamo majini, amevaa nguo ya kuogea tu, na kichwa chake kimelala juu ya mkono wa mtu ambaye pengine wamekutana saa hiyohiyo. Mara nyingi hushikwa karibu na kifua cha mhudumu, kwani mzigo ulio mbali na mwili hauwezi kubebwa kwa saa nzima. Ukaribu huo ndio unaoyeyusha ukaidi wa miaka, na ni ukaribu huohuo unaoweza kutumiwa vibaya. Wako wanaolia majini bila kujua sababu. Mhudumu aliyefunzwa vizuri hamwulizi mtu analilia nini, wala hamkumbatii zaidi. Huendelea kumshikilia kama alivyokuwa. Ridhaa iliyotolewa ukutani si ya kudumu, na dalili ndogo ya kukaza mwili yatosha kuwa ni neno la kukataa. Katika jamii ambazo mwanamke haguswi na mwanamume asiye maharimu wake, swali la nani amshikilie nani halina budi kujibiwa kabla ya swali la nyuzi za maji.

6.0 Istilahi

Sasa yaweza kuonekana kwa nini kukanda hakufai. Kitenzi hiki tayari kimeshikwa na kazi nyingine yenye heshima yake. Katika pwani ya Afrika Mashariki mzazi hukandwa na mkunga au na jamaa wa kike aliye mzoefu, katika zile siku arobaini za baada ya kujifungua. Kitambaa huchovywa katika maji ya moto, hukamuliwa, na hugandamizwa tumboni, kiunoni na miguuni. Maji hayo huwa ya moto kweli, na yakizidi huunguza. Huko joto huletwa kwa mzazi na mkono wa mkandaji, tena nyuma ya mzazi pana kitanda. Watsu inafanana na desturi hiyo kwa maji, kwa joto na kwa kuhudumiwa tu. Kwa tendo lenyewe hazifanani.

Kupakata kungekaribia zaidi. Mtoto aliyepakatwa hajibebi, na kichwa chake kina mahali pa kulala. Lakini kitenzi hiki humfanya mpokeaji kuwa mtoto na huidai paja la mwenye kupakata, ambalo majini halitumiki ila kwa nadra. Kubembeleza kunataja nia, hakutaji tendo.

Kipo kitenzi ambacho kamusi za zamani zinacho na ambacho matumizi ya leo yamekifunika. Kauli ya kusababisha ya kuelea ni kueleza, yaani kukifanya kitu kielee, kama mtu anavyoeleza mtumbwi uliokwama mchangani. Kueleza kwa maana ya kufafanua kumekua hadi kukaimeza maana hiyo ya kwanza. Hata hivyo maana mbili hizi hazijaachana kabisa: jambo lililofahamika husemwa kwamba limemwelea mtu. Ikiwa mtumbwi waweza kuelezwa, na mtu aweza kuelezwa. Mhudumu atakuwa mwelezaji, na kazi yake itakuwa uelezaji. Utata hauepukiki, ila muktadha huutatua, kama unavyotatua utata wa maneno mengine mengi yenye maana zaidi ya moja.

Kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kielezi cha mahali. Mfasiri mwenye haraka ataandika "tiba ya majini". Kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja maneno hayo yana maana iliyo tayari, nayo ni tiba ya wale wanaopandwa na majini, wingi wa jini. Bango lenye maneno hayo litawaleta wateja wa mganga, na kuwafukuza waliokuwa wakitafuta nafuu ya mgongo. Ni bora kuandika "uelezaji katika maji ya uvuguvugu" pale inapotajwa tiba ya aina hii kwa jumla, na kuliacha jina Watsu kwa ile njia mahususi iliyoanzia Harbin. Neno uvuguvugu lisiachwe likabadilishwa na moto, kwa kuwa maji ya moto ni ya mkandaji, na atakayeyatafsiri maelekezo hayo kwa wafanyakazi wa kidimbwi akasema "moto" atakuwa ameagiza maji ambayo hakuna awezaye kuyakaa kwa saa nzima.

Wanafunzi wa Watsu hufunzwa kwa kupokezana: anayeshikilia asubuhi hushikiliwa mchana, kwa sababu mikono haijui kuegemeza mpaka mwenye mikono hiyo awe ameegemezwa yeye mwenyewe. Kwa tendo hilo Kiswahili hakihitaji istilahi mpya. Husemwa kwamba wanaelezana.